Sifuri ya Kokushubira

VERO: Haloo? Haloo, nasikika?

ANATOLIA: Haloo! Nani huyo?

VERO: Shikamoo, bibi.

ANATOLIA: Marahaba. Haya, salamu nimekuitikia, salamu haikataliwi hata ikiletwa na mwizi. Sasa sema. Wewe nani, na namba yangu umeiokota wapi?

VERO: Naitwa Vero. Napiga kutoka Kayanga. Naongea na bibi Anatolia wa Kaisho?

ANATOLIA: Inategemea huyo Vero anamtakia nini.

VERO: [anacheka kidogo] Jambo zuri tu, bibi. Ni kuhusu—

ANATOLIA: Ngoja. Kama mjukuu wangu amepata ajali Mwanza nitume hela kwenye namba, Mwanza sina mjukuu. Kama nimeshinda gari, sijui kuendesha. Endelea sasa.

VERO: Hapana bibi, mimi si wa hao. Mimi ni wa ile tathmini ya shule. Ule mradi wa kusoma, wa kuwakalisha watoto kwenye mikeka kwa viwango. Alhamisi iliyopita wenzangu walikuja shuleni kwenu wakawapima watoto kusoma, mmoja mmoja. Sasa sisi wa ofisini huwa tunawapigia wazazi wachache, kuhakikisha—

[mtandao unakwaruza]

ANATOLIA: —kuhakikisha nini? Haloo? Ngoja nipande kichuguu. Huku chini mpakani simu inanikaribisha nchi ya watu. Kila nikisogea kwenye migomba, ujumbe: karibu, karibu. Mimi sijaenda popote! ... Haya. Nimepanda. Kuhakikisha nini?

VERO: Kwamba kazi ilifanyika kweli. Ni maswali matano tu, bibi.

ANATOLIA: Matano. Mwaka jana walikuja wengine na matano yao, kuhusu ng'ombe. Wiki iliyofuata wakarudi na hereni za kuwatoboa masikio.

VERO: Hapa hatoboki mtu.

ANATOLIA: Uliza.

VERO: La kwanza. Hapo nyumbani una watoto wangapi wanaosoma?

ANATOLIA: Wapo.

VERO: Wangapi?

ANATOLIA: Wanatosha.

VERO: Bibi, hapa panataka namba.

ANATOLIA: Andika wanatosha.

VERO: Hapaandikiki. Ni kisanduku cha kompyuta, kinapokea namba tu.

ANATOLIA: Basi kina njaa ya watoto wa watu. Wewe binti, kwenu wapi?

VERO: Rugu.

ANATOLIA: Rugu hii ya Karagwe? Kwa nani?

VERO: Kwa mzee Muhwezi. Nyuma ya kanisa la Walutheri.

ANATOLIA: Anafuga?

VERO: Anao wachache.

ANATOLIA: Wachache wangapi?

VERO: ... Wanatosha.

ANATOLIA: Eeh! Unaona sasa? Umelelewa. Watoto na ng'ombe hawahesabiwi. Twende la pili.

VERO: [anacheka] La kwanza nimeliruka. La pili. Kuna mtoto anaitwa Kokushubira, darasa la tatu. Namba yako ndiyo iliyoandikwa kwenye jina lake.

ANATOLIA: Amefanya nini?

VERO: Hajafanya kitu. Ni—

ANATOLIA: Amefanya nini, mama? Niambie moja kwa moja. Amemkosea yule mgeni? Amelalamika?

VERO: Nani alalamike? Hapana. Nataka kujua tu, Alhamisi Kokushubira alikuwa wapi?

ANATOLIA: Mmekuja wenyewe, mmemwona wenyewe, halafu mnaniuliza mimi alikuwa wapi?

VERO: Nataka nisikie kwako.

ANATOLIA: Alikuwa shule.

VERO: Siku nzima?

ANATOLIA: Aliondoka hapa baada ya kutoa ndama, akarudi saa tisa. Kama kuna alikopitia, ng'ombe wangu hawajaniambia.

VERO: Hakukaa nyumbani siku hiyo? Hakuna mtoto mwingine, labda mkubwa kidogo, aliyeambiwa aende badala yake?

ANATOLIA: Binti wa Muhwezi.

VERO: Naam.

ANATOLIA: Hilo swali limo kwenye yale matano, au umelitoa mfukoni?

VERO: ... Nimelitoa mfukoni.

ANATOLIA: Lirudishe. Au sema unachokitafuta.

VERO: Sawa, bibi. Nikwambie ukweli. Tuliwapima hawa watoto mara mbili. Mara ya kwanza mwaka jana, mwezi wa tatu, mradi haujaanza. Mara ya pili ni juzi Alhamisi. Mtoto anapewa karatasi ya hadithi na dakika moja, tunahesabu maneno anayosoma. Mwaka jana Kokushubira alipata sifuri. Hata herufi moja.

ANATOLIA: Najua. Sifuri yake ililetwa mpaka hapa mlangoni.

VERO: Juzi amesoma maneno hamsini na nane.

ANATOLIA: Hamsini na nane ni mengi?

VERO: Ni mengi, bibi. Kuna wa darasa la tano hawafiki. Ndiyo maana kompyuta ikamtia alama nyekundu, ikasema huyu apigiwe. Kutoka sifuri mpaka hapo... mtu anajiuliza kama aliyesoma ndiye.

ANATOLIA: Kwa hiyo alipokosa mlimwamini. Alipopata mnampigia simu.

VERO: Sijasema hivyo.

ANATOLIA: Nimesema mimi. Huyo aliyempima, hakuandika mtoto yukoje?

VERO: Aliandika kidogo. Mtoto wako ana alama yoyote mkononi?

ANATOLIA: Kidole kidogo cha kushoto kimepinda. Ndama alimkanyaga akiwa hajaanza shule. Huyo ndama nilimuuza kwa hasira.

VERO: ... Kimeandikwa. Kidole kimepinda.

ANATOLIA: Basi ndiye. Tumemaliza? Nina ng'ombe wa kukamua.

VERO: Bado kidogo, bibi. Usikate. Mwalimu Cleophace aliwaambia nini wazazi, kuhusu sisi kupiga simu?

ANATOLIA: Kwa nini unauliza?

VERO: Aliwaita?

ANATOLIA: Alituita Jumatano. Akasema mkipigiwa, semeni mradi ni mzuri, mikeka ni mizuri, watoto wanafurahi.

VERO: Alisema mseme hivyo?

ANATOLIA: Mradi ni mzuri. Mikeka ni mizuri. Watoto wanafurahi. Nimeshasema, asije akanidai.

VERO: Na watoto je? Aliwapa karatasi kabla? Karatasi ya hadithi, waikariri nyumbani?

ANATOLIA: Karatasi gani? Hapa karatasi ikiingia tunawashia moto. Sikuiona.

VERO: Maana kuna kitu kingine kinanisumbua. Aliyempima anaitwa Elpidius, kijana wetu. Chini kabisa ameandika hivi, nakusomea: "Mtoto ameingia mbio, amesoma bila kuulizwa jina. Alipomaliza akapiga magoti, akainamisha kichwa, akaanza kulia." Bibi, mtoto aliyesoma vizuri hivyo analilia nini? Mimi nilidhani... kama mtu aliyeiba kitu anaomba msamaha.

ANATOLIA: [kimya]

VERO: Haloo? Bibi? Umekatika?

ANATOLIA: Nipo.

VERO: Alikuwa anaomba msamaha?

ANATOLIA: Alikuwa anaomba. Ndiyo.

VERO: Wa nini?

ANATOLIA: Nikikwambia, utamwandika?

VERO: Inategemea, bibi. Siwezi kuahidi.

ANATOLIA: Afadhali hujaahidi. Wanaoahidi ndio nawaogopa. ... Yeye yuko mkeka gani, unajua?

VERO: Hilo sina hapa. Mikeka si ni mitatu? Ya herufi, ya maneno, ya hadithi.

ANATOLIA: Yuko wa herufi. Tangu mwaka jana. Ninyi mlipopima mkampa mwalimu majibu, na majibu hayo ndiyo yaliyowagawa. Mwenye sifuri, mkeka wa herufi. Mwaka na nusu mtoto wangu anashika kikadi: a, e, i, o, u. Akirudi namuuliza, leo mmesoma nini? Ananiambia, bibi, a, e, i, o, u. Nikasema huyu kichwa chake kimezibwa. Nimewaambia nyumbani, akirudishwa darasa namtoa. Ndama wanahitaji mtu. Mwalimu amesema wote wa mkeka wa herufi watarudia. Mpaka Jumatatu atakuwa amesoma majina.

VERO: Jumatatu hii?

ANATOLIA: Hii inayokuja. Fimbo yake ya machungani nimeshaikata, iko juu ya paa inakauka.

VERO: Lakini bibi, mtoto wa mkeka wa herufi hawezi kusoma hadithi. Hapo ndipo ninapokwama. Amejifunzia wapi?

ANATOLIA: Sijui. Kusoma hajui, ndivyo walivyosema.

VERO: Nyumbani kuna kitabu?

ANATOLIA: Kuna cha nyimbo za kanisani. Mimi naimba kwa kichwa.

VERO: Wewe unasoma, bibi?

ANATOLIA: Mimi nilisoma majani na kwato. Darasa nililiona kwa dirishani.

VERO: Sasa ukipata barua? Au ujumbe kwenye simu? Hata dawa ya ng'ombe. Dawa ya kupe nani anakusomea kipimo?

ANATOLIA: Dawa? Dawa anasoma Kokushubira.

VERO: Nani?

ANATOLIA: Kokushubira. Yeye ndiye mtu wa dawa. Ananiambia maji kiasi hiki, dawa kiasi hiki, mimi napiga bomba.

VERO: Tangu lini?

ANATOLIA: Tangu babu yake afe. Babu alimwonyesha yeye, alikuwa anambeba mabegani kwenda joshoni. Ana... tuseme alikuwa hajaingia hata darasa la pili.

VERO: Bibi. Anasoma maandishi yaliyo kwenye chupa?

ANATOLIA: Atasoma nini, kifuniko?

VERO: Na umesema hajui kusoma!

ANATOLIA: Ile ni dawa, mama! Si shule. Shule wamesema sifuri.

VERO: Yuko karibu hapo?

ANATOLIA: Yuko zizini na Ayebare, mdogo wake. Leo ni siku ya kupiga dawa. ... Umenifanya nimemtaja Ayebare. Usimwandike huyo.

VERO: Simwandiki. Mwambie asome chupa, bibi. Kwa sauti. Mimi nisikie.

ANATOLIA: Wewe una mambo. Kokushubiraa! Ee! Soma hiyo chupa, paza sauti! Yote! ... Soma tu, kuna mtu wa Kayanga hajui kipimo! ... Unasikia?

[upepo, sauti ya mbali ya mtoto]

VERO: Nasikia... "mililita ishirini kwa lita kumi za maji"... "rudia baada ya siku saba"... Anaenda haraka!

ANATOLIA: Ndivyo anavyosoma. Mimi huwa namwambia polepole, dawa si wimbo.

VERO: "Epuka kugusa macho"... Bibi, hii chupa ni mpya?

ANATOLIA: Ya zamani iliisha. Hii imetoka dukani jana, ya jina lingine. ... Mawe! Mama wee!

VERO: Naam, bibi.

ANATOLIA: Jina lingine. Hajawahi kuiona.

VERO: Ndiyo.

ANATOLIA: Anasoma.

VERO: Anasoma, bibi. Na alikuwa anasoma kabla ya mkeka. Kabla ya mradi. Kwa hiyo mwaka jana, ile sifuri—

ANATOLIA: Nyamaza kidogo.

[kimya]

ANATOLIA: Nilimchapa, unajua? Karatasi ya sifuri ilipokuja nilimchapa kwa fimbo ya ndama. Nikamuuliza, uliingia ukafanya nini humo ndani? Akasema, bibi, nilimsalimia mgeni. Nikasema, na baada ya kusalimia? Akasema, hakuniitikia. Nikamwongeza nyingine, nikadhani ananidanganya.

VERO: ... Hakumwitikia.

ANATOLIA: Mtoto wetu anaingia mahali pana mkubwa, anapiga magoti, macho chini, anasema shikamoo, anangoja. Wewe wa Rugu sina haja ya kukufundisha. Haondoki magotini mpaka mkubwa aseme marahaba. Basi alingoja. Karatasi juu ya meza, yeye chini. Dakika yenu ikaisha yuko magotini.

VERO: [sauti ndogo] Na wengine?

ANATOLIA: Wengine vilevile! Watoto wa machungani wote, mkeka wa herufi. Kila mmoja aliyepimwa, aliinama, hakuitikiwa, sifuri. Wale wa senta, wa wenye maduka, hao siku hizi wanakusalimia wanatafuna. Wao waliingia, wakachukua karatasi, wakasoma. Wako mkeka wa hadithi. Sisi tukasema, basi, za wenzetu ni akili za dukani, za kwetu ni za kwato.

VERO: Na Mwalimu Cleophace alijua?

ANATOLIA: Alhamisi asubuhi aliwapanga mstari akawaambia: safari hii ole wake atakayepiga magoti. Ukiingia soma hapo hapo, usisalimie mtu. Sasa mtu anayesema hivyo anajua au hajui?

VERO: Anajua.

ANATOLIA: Alijua tangu lini? Jana nilimuuliza, mbele ya mkewe, kwa nini aliwakataza watoto salamu. Akaangalia viatu vyake. Ana watoto mia na thelathini darasani, huenda alijua juzi, huenda alijua mwaka jana akaona alama zipande zenyewe, apate sifa. Mimi sikuona ndani ya viatu.

VERO: Kwa hiyo Kokushubira alivyolia...

ANATOLIA: Amesoma mbele ya mkubwa bila kumsalimia. Akarudi hapa amevimba macho. Bibi, nimemtukana mgeni. Ndiyo maana uliposema jina lake nikajua, haya, wamekuja kushtaki.

[mtandao unakwaruza]

VERO: —bibi? Usisogee. Kaa hapo hapo.

ANATOLIA: Sijasogea. Ni upepo. Ila simu ina mstari mmoja, dukani walinichajia nusu, wakakata umeme.

VERO: Nitafanya haraka. Yule wa mwaka jana, aliyewapima... Kokushubira alisema alikuwa mtu gani?

ANATOLIA: Binti. Shati la kijani, nywele za kusuka. Alikuwa na simu ile kubwa kama sahani, anaiangalia hiyo tu. Mtoto akasema shikamoo, binti akanyoosha kidole kwenye karatasi. Kidole! Kidole kwetu wanaonyeshewa ng'ombe mnadani.

VERO: Mashati ya kijani tulipewa wote, bibi. Ni sare.

ANATOLIA: Sijauliza mlipewa wangapi.

VERO: Na kulikuwa na sheria. Ukishabonyeza saa ianze, usimwambie mtoto neno lolote ambalo halimo kwenye mwongozo. Usimsaidie, usimwitikie. Ili wote wapimwe sawasawa. Na watoto walikuwa ishirini, gari linapiga honi nje, mtu anabonyeza mapema kabla mtoto hajakaa...

ANATOLIA: Nani anabonyeza?

VERO: Mtu. Mpimaji.

ANATOLIA: Vero.

VERO: Naam, bibi.

ANATOLIA: Mwaka jana mwezi wa tatu ulikuwa wapi?

VERO: [kimya]

ANATOLIA: Ni mtandao huo, au ni wewe?

VERO: Ni mimi, bibi.

ANATOLIA: ...

VERO: Bibi?

ANATOLIA: Nakusikia. Namtazama mjukuu wangu hapo chini na chupa yake. Ungekuwa mtu wa mbali ningesema hakujua. Lakini wewe ni wa Rugu, nyuma ya kanisa. Umezaliwa, umepiga magoti, umeitikiwa.

VERO: Nilidhani ni woga. Niliona ameinama nikasema moyoni, huyu ameogopa, sheria inasema asiposema kitu weka sifuri, ita mwingine. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Niliogopa na mimi.

ANATOLIA: Na leo umepiga simu kumtafuta mwizi.

VERO: Ndiyo.

ANATOLIA: Umempata?

VERO: Bibi, acha nikueleze hali ilivyo, halafu unitukane. Taarifa imeshaandikwa karibu yote. Inasema mradi umefaulu, na waliopanda kuliko wote ni watoto wa wafugaji. Wamechora mpaka picha, mstari unapanda hivi. Wakubwa wanakuja Ijumaa kuisikiliza. Wanataka kuupeleka mradi shule zote, Karagwe na Kyerwa, mpaka Bugomora huko.

ANATOLIA: Wamepanda kutoka wapi?

VERO: Kutoka sifuri.

ANATOLIA: Kutoka magotini, binti. Walichofundishwa mwaka na nusu ni kutopiga magoti, tena wamefundishwa asubuhi moja.

VERO: ... Ndiyo.

ANATOLIA: Na huko Bugomora mtapeleka vidole vilevile.

VERO: Nikiandika hivyo, sifuri zote za hapo zinafutwa. Mstari unaanguka. Na watauliza nani alipima. Jina langu limo, bibi, kwenye kila sifuri.

ANATOLIA: Na usipoandika?

VERO: Kokushubira anabaki na hamsini na nane yake. Naweka tiki, ndiye, basi. Hakuna atakayeuliza.

ANATOLIA: Na mkeka?

VERO: Mkeka mwalimu anaufuata kwa orodha ya mwaka jana. Mpya haitatoka mpaka Januari.

ANATOLIA: Jumatatu atarudishwa darasa. Kwa sifuri ya mwaka jana.

VERO: Ndiyo.

ANATOLIA: Kwa hiyo hamsini na nane ni zenu za kuchorea, sifuri ni yake ya kurudia.

VERO: Ndivyo, bibi.

ANATOLIA: Mimi ile fimbo niliyomkatia naishusha leo hii. Machungani haendi, hata akirudishwa mara tatu. Na ile niliyomchapia nitajua la kufanya nayo, hilo ni langu na yeye. Wewe la kwako utalifanyaje?

[simu inalia mlio mfupi]

ANATOLIA: Umesikia? Chaji inaaga.

VERO: Bibi, mpe simu Kokushubira.

ANATOLIA: Wa nini? Umpime tena?

VERO: Hapana. Nina salamu yake. Sijaijibu.

ANATOLIA: Kokushubira! Njoo. Njoo mbio, weka chupa chini. Osha— acha, njoo hivyo hivyo! ... Kuna mtu wako hapa. Yule wa shati la kijani. ... Hapana, hajaja kukushtaki. Hebu... Mawe, mtoto huyu!

VERO: Nini, bibi?

ANATOLIA: Nimemtajia tu, ameshapiga magoti. Hapa kwenye kichuguu, na siafu wanavyotembea.

VERO: Msogezee simu.

ANATOLIA: Nimemsogezea. Anasema... umesikia alivyosema?

VERO: Nimesikia. Marahaba. Marahaba, Kokushubira. Marahaba sana, mama. Inuka.

[simu inalia tena]

VERO: Bibi, ameinuka?

ANATOLIA: Anakutazamia kwenye simu kama utatokea. ... Haya. Ameinuka. Anajipangusa.

VERO: Mwambie Jumatatu nakuja mwenyewe. Kabla ya kengele, kabla mwalimu hajafungua daftari. Nitakuja na—

ANATOLIA: Usije kabla hujaandika!

VERO: Naandika, bibi. Ninafungua sasa. Hapa kwenye maelezo—

ANATOLIA: Na majina ya wengine wote waliopiga magoti, usimwache mtu. Hao wahesabu! Hao nimekuruhusu!

VERO: Wote, bibi. Na langu.

ANATOLIA: Basi kwaheri, inazima. Mtoto ameshainuka. Sasa na wewe inuka, binti wa Muhwezi, u—

[simu imezimika]